Kila namba ina mgonjwa wake

Mtihani wa uuguzi unapokaribia, wanafunzi wengi hukesha wakikariri vitabu vizima. Mkunga mmoja mstaafu aliifunza jamaa yetu njia nyingine ya kudurusu, na faida yake ilionekana hata kabla ya siku ya mtihani.

SAA saba za usiku niliamka kunywa maji nikakuta taa ya sebuleni ingali inawaka. Mpwa wangu alikuwa amelala huku ameketi, kichwa juu ya kitabu cha uuguzi, kalamu ya manjano mkononi. Ukurasa mzima alikuwa ameupaka rangi hiyo, mstari baada ya mstari, hata usingeweza kujua lipi ni la maana na lipi si la maana. Nilimgusa bega aende akalale. Akafungua macho, na kabla hajajua yuko wapi akasema, "Mjomba, nimesahau yote."

Msomaji mpendwa, kama umewahi kuishi nyumba moja na mwanafunzi anayengojea mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, basi huna haja ya kuelezwa zaidi. Mtihani huu si kama ule wa muhula ambao ukianguka unaurudia chuoni kimya kimya. Bila kuupita husajiliwi, hupewi leseni, na bila leseni huruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi hata kama umesoma takriban miaka mitatu na kulipa karo yote.

Kwa huyu wetu mzigo ulikuwa mzito zaidi. Mama yake, ambaye ni dada yangu, huuza mboga sokoni kule Kakamega. Karo ya muhula wa mwisho ilitoka kwa chama cha kina mama, na ahadi ilikuwa kwamba deni litalipwa kwa mshahara wa kwanza wa binti. Majuma sita kabla ya mtihani wenyewe, chuo kikawapa mtihani wa majaribio. Alianguka. Siku hiyo alirudi kwangu Umoja, akaweka mkoba chini na kusema kwamba pengine afadhali angoje kikao kingine, au aache kabisa atafute kazi ya duka.

Mimi si muuguzi. Nisingeweza kumweleza lolote kuhusu figo wala ini. Lakini nilijua mtu wa kumwita.

SWALI LA SISTA

Ghorofa ya chini ya jengo letu anaishi mama mmoja mkunga aliyestaafu, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Sista. Jumapili iliyofuata nilimwomba apande kwetu kunywa chai. Hakuuliza binti alipata alama ngapi. Aliomba tu kuona karatasi ya maswali, akavaa miwani, akachagua moja.

"Mama amejifungua dakika ishirini zilizopita. Damu inatoka nyingi. Niambie."

Mpwa wangu aliketi wima akaanza. Alieleza maana ya kuvuja damu baada ya kujifungua. Akataja aina zake, ya mapema na ya kuchelewa. Akaingia kwenye visababishi kwa mpangilio mzuri kabisa, mithili ya mtu anayesoma ukutani. Mimi nilishangaa, nikajiuliza huyu alianguka vipi. Sista alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akaweka kikombe chini.

"Vizuri, binti yangu. Umesema kweli tupu. Lakini mgonjwa wako alikufa ulipokuwa bado unataja aina."

Kimya kikatanda. Sista akaendelea kwa upole. "Kuanzia leo, kila ukinitajia namba au jina la ugonjwa, nitakuuliza swali moja tu. Mkono wako unafanya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la mpwa wangu, na naamini ni kosa la wanafunzi wengi wanaosoma makala haya. Alikuwa amesoma namba zikiwa peke yake, kama namba za simu za watu asiowajua. Mtahini haulizi namba. Hukuletea mgonjwa na kukuuliza utamfanyia nini, kwa mpangilio gani, na kwa nini.

KUSOMA SI KUKUMBUKA

Wataalamu wa mambo ya kumbukumbu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya aliyojifunza ilimtoka katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau ikapungua.

Mnamo 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walivisoma, wakafunika karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Juma moja baadaye, hali ilikuwa kinyume: waliojipima walikumbuka mengi zaidi. La kushangaza ni kuwa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba hawatasahau.

Kwa maneno mengine, kupaka kitabu rangi ya manjano hukufanya uhisi unajua. Kukifunga kitabu na kujiuliza swali ndiko hukufanya ujue.

Kwa hivyo tulikata karatasi ngumu za majalada ya madaftari ya zamani tukatengeneza kadi. Upande wa mbele mpwa wangu aliandika mgonjwa: umri wake, analalamika nini, vipimo vinasemaje. Upande wa nyuma aliandika mistari mitatu tu: namba ya kawaida, maana ya iliyo mbele yake, na mkono unafanya nini. Kwa kuwa jibu limeandikwa nyuma, mtu yeyote angeweza kumuuliza. Mke wangu alimuuliza akikata sukuma wiki. Mwanangu wa kidato cha pili alimuuliza kwenye matatu Barabara ya Jogoo ikiwa imefungana kwa magari. Mimi nilimuuliza asubuhi tukinywa chai.

DALILI ZA UHAI

Kadi za kwanza zilikuwa za vipimo vinavyochukuliwa kila siku wadini. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya moyo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Pumzi ni kati ya 12 na 20 kwa dakika. Joto la mwili huwa karibu nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Presha ya damu huwa karibu 120/80, nayo ikifika 140/90 na kubaki hapo ikipimwa tena na tena, huitwa ya juu. Oksijeni katika damu, kwa mtu mwenye mapafu mazima, huwa asilimia 95 au zaidi.

Hizo kila mwanafunzi anazijua. Sista alitaka kinachofuata. Aliandika kwenye kadi: "Mwanamume amefanyiwa upasuaji wa tumbo asubuhi. Saa nne mapigo yalikuwa 84, saa tano 98, saa sita 118. Presha bado 110/70. Muuguzi mwenzako asema presha ni nzuri."

Mpwa wangu alikaribia kukubaliana na huyo mwenzake. Kisha akagundua mtego. Mtu anayevuja damu ndani, moyo wake huanza kwenda mbio ili kufidia upungufu, na presha huweza kushikilia kwa muda kabla ya kuporomoka. Anayengoja presha ishuke ndipo aite daktari amechelewa. Kipimo kimoja hakitoshi. Kinachosema ukweli ni mwelekeo wa vipimo. Mkono hapo unatazama bendeji na tumbo, unaita daktari, unahakikisha mshipa una njia ya dripu, na unarudia vipimo mapema badala ya kungoja saa nyingine nzima.

Kadi nyingine ilihusu kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotangazwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Hutazama macho, maneno na viungo. Alama za juu ni 15. Za chini je? Wengi hujibu sufuri, na hapo hunaswa, kwa sababu kila sehemu huanza na alama 1, hivyo ya chini kabisa ni 3. Mgonjwa akiwa na 8 au chini yake, jambo la kwanza kuogopa ni njia ya hewa, kwani huenda asiweze kuilinda mwenyewe.

MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Makosa mengi ya mpwa wangu katika mtihani wa majaribio yalitokana na kumpima mtoto kwa namba za mtu mzima. Mtoto mchanga ana mapigo ya moyo 120 hadi 160 kwa dakika, na pumzi 30 hadi 60. Namba ambazo zingekutia hofu kwa baba mtu, kwa mwana ni salama.

Upande wa pili, kuna kipimo kinachookoa watoto wengi nacho hakihitaji mtambo wowote, ila saa na macho. Ni kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Hesabu kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, maana akilia namba hudanganya. Pia inua nguo utazame kifua: sehemu ya chini ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, hiyo ni ishara mbaya. Na mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, huyo hafanyiwi subira. Hupelekwa hospitali mara moja.

Kuhusu mtoto aliyezaliwa sasa hivi, kuna alama za Apgar, zilizobuniwa na daktari Mmarekani Virginia Apgar mwaka 1952. Mambo matano hutazamwa: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, anavyoitikia akichokozwa, nguvu za viungo, na pumzi. Kila jambo hupewa 0, 1 au 2, katika dakika ya kwanza na ya tano. Alama 7 hadi 10 ni nzuri. Ila Sista alisisitiza jambo moja: mtoto asiyepumua hangojewi dakika ya kwanza itimie ili apewe alama. Mkono hukausha, hupasha joto, husafisha njia ya hewa ikibidi na kuanza kumsaidia kupumua.

WADI YA KINA MAMA

Turudi kwa yule mama aliyejifungua dakika ishirini zilizopita. Vitabu vingi husema kuvuja damu ni kupoteza mililita 500 au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Lakini nani hupima? Kwa miaka mingi wakunga walikadiria kwa macho, na macho mara nyingi hukadiria kidogo kuliko ilivyo.

Ndiyo maana utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulivutia wengi. Wakunga walipewa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliopigwa alama za vipimo, inayotandazwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani. Wakafunzwa pia kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja moja: kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, dawa ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipani, na kumchunguza mama kujua chanzo. Hatari ya kuvuja damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji au kifo kutokana nako, ilipungua kwa asilimia 60.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya. Sasa mkunga asingoje 500 ikiwa mama amepoteza mililita 300 na vipimo vyake vya mapigo au presha vimeanza kuharibika. Hapa pana funzo kwa mwanafunzi anayedurusu kwa vitabu alivyorithi kwa dada au kaka. Namba hubadilika. Muulize mwalimu wako mwongozo unaotumika sasa, na usiingie mtihanini na namba iliyostaafu.

Juu ya yote, kinga huanza mapema: sindano ya oksitosini yuniti 10 msulini, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, mkunga akiisha kuhakikisha hakuna pacha tumboni. Na chanzo kinachoongoza ni mfuko wa uzazi uliolegea. Vingine ni kondo lililobaki, mahali palipochanika, na damu isiyoganda. Mpwa wangu alipojua visababishi hivyo vinne kwa mpangilio wa mkono, yaani sugua, tazama kondo, tafuta palipochanika, angalia kama damu inaganda, hakuvisahau tena.

Kadi ya pili ya wadi hiyo ilikuwa ya kifafa cha mimba. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya juma la 20 la mimba, pamoja na protini kwenye mkojo, ni onyo. Ikifika 160/110, au mama akilalamika kichwa kinamuuma vikali, anaona ukungu, au anaumwa chini ya kifua upande wa juu wa tumbo, hatari iko mlangoni. Dawa ya kuzuia na kutibu mitukutiko ni magnesiamu salfeti. Lakini dawa hiyo ikizidi huweza kusimamisha pumzi. Basi kabla ya kila dozi mkono hupima mambo matatu: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Dawa ya kuizima, kalisiamu glukoneti, huwekwa karibu na kitanda kabla haijahitajika.

HESABU ZA DAWA

Wanafunzi wengi walichagua uuguzi wakidhani wameagana na hesabu. Ole wao! Kosa la nukta moja wadini huweza kumpa mgonjwa dawa mara kumi ya inayostahili.

Anza na yale matano ya kila siku: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio. Kisha uandike ulichotoa, baada ya kukitoa, si kabla.

Sasa chukua mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Kumi na tano mara 12 ni miligramu 180. Chupa inasema miligramu 120 katika mililita 5. Gawanya 180 kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Sista alimfunza mpwa wangu kukadiria kabla ya kupiga hesabu: "180 ni moja na nusu ya 120, basi dawa ni kijiko kimoja na nusu cha mililita 5." Hesabu ikileta 75, utajua papo hapo nukta imepotea.

Dripu je? Lita moja ya maji ipite kwa saa 8. Zidisha mililita 1,000 kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja, gawanya kwa dakika 480. Mpira wa matone 20 utakupa kama matone 42 kwa dakika. Mpira wa matone 15 utakupa 31. Maji ni yale yale, saa ni zile zile, ila mpira ni tofauti. Kwa hivyo mkono wa kwanza husoma pakiti ya mpira.

Kuna na makatazo ambayo hayana mjadala. Potasiamu haipigwi kamwe moja kwa moja mshipani kwa sindano, kwani huweza kusimamisha moyo. Huchanganywa katika maji mengi na kupitishwa polepole. Kabla ya kumpa mtu mzima dijoksini, mapigo huhesabiwa dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 dawa husitishwa na daktari huarifiwa. Insulini hupimwa kwa bomba lake maalumu, maana mililita moja ya ile inayotumika sana ina yuniti 100. Andika neno "yuniti" kwa ukamilifu, kwani herufi moja iliyoandikwa haraka husomeka kama sufuri. Na andika 0.5, wala si .5.

USIKU WA JUMANNE

Juma la nne la mazoezi haya, usiku wa Jumanne, jirani yetu wa mlango wa pili alibisha hodi. Alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni, akikohoa. Alikuja kuazima dawa ya kikohozi. Alisema ni mafua tu, kesho yatapita.

Mke wangu alikuwa ameshaenda kabatini. Mpwa wangu akamwomba jirani aketi kwanza, amnyonyeshe mtoto hadi atulie. Kisha akainua fulana, akaweka simu yake mezani ionyeshe sekunde, akanyamaza. Sisi sote tulinyamaza. Dakika moja ni ndefu mno mtu anapohesabu pumzi za mtoto.

"58," akasema. Hakufungua kitabu. Hakutazama kadi. "Miezi saba, mpaka wake ni 50. Hii si ya dawa ya kikohozi. Twende hospitali sasa."

Jirani alisitasita kwa ajili ya nauli na usiku. Binti yule aliyekuwa akilia sebuleni majuma machache nyuma alimwambia kwa sauti tulivu, "Dada, mimi nitakusindikiza." Wakaenda. Mtoto akapatikana na nimonia, akatibiwa, na baada ya siku chache akawa anatambaa tena kwenye veranda ya ghorofa yetu akiburuta kandambili za watu.

Sikumsikia tena mpwa wangu akitaja kazi ya duka.

NAFASI YA JAMAA

Ikiwa una mwanafunzi wa namna hii nyumbani, usidhani kazi yako ni karo na chakula tu. Haya ndiyo tuliyoyaona yakifaa.

Kwanza, tulitafuta mikebe mitatu ya biskuti. Kadi zote zilianzia mkebe wa kwanza, unaofunguliwa kila siku. Kadi iliyojibiwa sawa ilihamia mkebe wa pili, wa kila siku ya tatu, na ikijibiwa tena ikaenda wa tatu, wa mara moja kwa juma. Iliyokosewa, hata kama ilikuwa ya tatu, ilirudi mwanzo. Kwa njia hiyo hakupoteza saa akirudia anayoyajua ilhali asiyoyajua yakimngoja.

Pili, tulichanganya masomo. Mtihani hauji ukiwa umepangwa kama kitabu. Kadi ya ukunga ilifuatwa na ya kichaa, ya kichaa ikafuatwa na ya chanjo: friji ya chanjo ni nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukipotea mkono wa kwanza haufungui mlango wa friji kila mara kuchungulia.

Tatu, tulimfanya aeleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Mtu anayeweza kumweleza mama muuza mboga kwa nini mtoto anayeharisha hupewa maji ya chumvichumvi na zinki, tena zinki hiyo iendelee siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, huyo ameelewa. Jioni nyingine alimpigia mamake simu na kumfundisha somo zima. Dada yangu aliuliza maswali magumu kuliko ya mtahini.

Nne, usingizi. Sista alipiga marufuku kukesha. Alisema ubongo huyapanga uliyojifunza wakati umelala, na anayekesha anamwaga kwa mkono mmoja anachoteka kwa mwingine. Usiku wa kuamkia mtihani, kadi zilifungwa kwa mpira wa nywele saa mbili unusu, na taa ya sebuleni ikazimwa.

Mpwa wangu ameshaufanya mtihani. Alipotoka siku ya mwisho nilimuuliza ulikuwaje. Akanijibu kwamba katika kila swali alijiuliza kwanza mkono unafanya nini, ndipo akaandika. Matokeo bado hayajatoka, na kina mama wa chama kule Kakamega wangali wanangoja, nasi pia. Siwezi kukuahidi, msomaji, kwamba amepita.

Lakini juzi nilikuta mikebe ya biskuti haipo kabatini. Nilipouliza, nikaambiwa imeshuka ghorofa mbili, kwa kijana mwingine aliye mwaka wa pili chuoni. Sista naye amekwisha alikwa huko kunywa chai. Elimu ni kama moto wa kuazima: mwenye nao hapungukiwi akimpa jirani kaa moja, na nyumba zote mbili hupika.